Katiba ilinena kuhusu uavyaji mimba, serikali ikanyamaza

MAHAKAMA ya Rufaa mjini Malindi ilipoamua mnamo Oktoba 2025 kwamba uavyaji mimba si haki ya kimsingi chini ya Katiba ya Kenya, watetezi wa uhai wa mtoto aliye tumboni walishangilia, nao wanaharakati wa haki za wanawake wakalalama. Wengi katika kambi zote mbili walizungumza kana kwamba suala hili lilikuwa likiamuliwa kwa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba Wakenya waliliamua zamani, tena kwa kura zao wenyewe. Kilichokosekana tangu siku hiyo ni serikali yenye ujasiri wa kutekeleza kilichoamuliwa.

Uamuzi huo ulitokana na kisa cha 2019 katika Kaunti ya Kilifi. Msichana wa shule aliyekuwa mjamzito alipatwa na matatizo, akaenda katika kliniki na kuhudumiwa na afisa wa kliniki aliyehitimu. Polisi waliingia humo, wakamtia mbaroni mgonjwa pamoja na mhudumu wake, na wote wawili wakafunguliwa mashtaka. Machi 2022, Mahakama Kuu ilifutilia mbali mashtaka hayo na kwenda mbele zaidi, ikatamka kwamba huduma ya uavyaji mimba ni haki ya kimsingi. Ni tamko hili ambalo majaji wa rufaa walilikataa.

Kusema haki, tamko hilo lilikuwa na udhaifu. Kifungu cha 26(4) cha Katiba kinaanza kwa kukataza. Kinasema uavyaji mimba hauruhusiwi, kisha kinataja hali ambazo katazo hilo halitatumika: iwapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha ama afya ya mama imo hatarini, au iwapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kabla ya hapo, kifungu cha 26(2) kimeshatangaza kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Ni vigumu kuyasoma maneno hayo na kuona haki isiyo na mipaka. Hata hivyo, ni vigumu vilevile kuyasoma na kuona marufuku isiyo na mlango, kama wanavyohubiri baadhi ya viongozi wa kidini.

Maneno hayo hayakuteremka kutoka mbinguni. Kamati Teule ya Bunge ilipokutana Naivasha Januari 2010, ndipo suala la uhai kuanza mimba inapotungwa lilipopenyezwa katika rasimu. Kamati ya Wataalamu nayo ikaongeza neno “afya” kando ya neno “maisha”. Makanisa yalikasirika. Yaliungana na kambi nyekundu iliyoongozwa na aliyekuwa waziri wakati huo, Bw William Ruto, kupinga katiba nzima, sababu moja ikiwa kifungu hiki na nyingine ikiwa mahakama za kadhi. Kambi ya kijani ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga ilishinda kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, zaidi ya Wakenya milioni 6 wakiunga mkono. Kwa hivyo, hakuna anayeweza kudai kwamba kifungu hicho kilipita wananchi wakiwa usingizini. Kilihubiriwa Jumapili baada ya Jumapili, na bado kikapita.

Lakini Kanuni za Adhabu zilibaki zilivyokuwa. Sheria hiyo ilianza kutumika 1930, wakati wa mkoloni. Inampa anayeavya mimba ya mwingine kwa njia haramu kifungo cha hadi miaka 14 na mwanamke anayejiavya miaka 7, huku anayetoa dawa au vifaa akikabiliwa na miaka 3. Uingereza, iliyotuachia sheria hiyo, iliilegeza ya kwake mnamo 1967. Kenya imekuwa na uhuru tangu 1963 na katiba mpya tangu 2010, lakini Bunge halijaona haja ya kuoanisha vifungu hivyo na Katiba. Askari wa kituo cha mashambani ana nakala ya Kanuni za Adhabu. Kifungu cha 26(4) huenda hajawahi kukisoma.

Madhara ya hali hii yanafahamika vyema miongoni mwa madaktari. Mnamo 2004, baada ya vijusi 15 kupatikana vimetupwa jijini Nairobi, Dkt John Nyamu na wauguzi wawili walishtakiwa kwa mauaji. Walikaa rumande mwaka mzima kabla ya mahakama kuwaachilia 2005 kwa kukosekana ushahidi. Tangu hapo, daktari anayeombwa msaada na mwanamke aliye hatarini hufikiria kwanza kuhusu seli, ndipo afikirie kuhusu mgonjwa.

Wizara ya Afya ilijaribu mara moja kuondoa hofu hiyo. Mnamo 2012 ilichapisha mwongozo wa viwango vya kupunguza vifo vinavyotokana na uavyaji usio salama. Mwaka uliofuata, Desemba 2013, iliuondoa. Februari 2014 ikatuma waraka kuwaonya wahudumu wa afya dhidi ya kuhudhuria mafunzo ya uavyaji salama. Hakuna mwongozo mwingine uliowekwa mahali pa ule ulioondolewa. Wauguzi waliachwa na Katiba inayowaambia watumie maoni yao ya kitaalamu, na mwajiri anayewakataza kufunzwa jinsi ya kuyafikia maoni hayo.

Katika pengo hilo ndimo alimoangukia msichana anayetajwa katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi JMM. Alinajisiwa akiwa angali mdogo, akapata mimba, na mwishoni mwa 2014 ikatolewa kwa njia isiyo salama. Alihamishwa kutoka kituo kimoja cha afya hadi kingine, figo zikaharibika, na Juni 2018 akafariki. Mwaka mmoja baadaye, Juni 12, 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba wizara ilivunja sheria kwa kuondoa mwongozo huo, na kwamba aliyepata mimba kwa kunajisiwa anaweza kuhudumiwa iwapo afya yake, ikiwemo ya akili, imo hatarini. Mama mzazi alitunukiwa fidia ya Sh3 milioni. Binti alikuwa ameshazikwa.

Wapinzani wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanahofia kwamba neno “afya” ni kama mpira, litavutwa hadi lifunike kila sababu. Wanasema pia kwamba wingi wa wanaovunja sheria si sababu ya kuifuta, kwani wizi haukuhalalishwa kwa sababu wezi ni wengi. Kwa anayeamini kwamba kijusi ni binadamu kamili, hoja hiyo ni nzito, na kumwita mtu huyo adui wa wanawake ni kukwepa mjadala.

Hata hivyo, hofu ya neno kuvutwa hutibiwa kwa kuliwekea mipaka, na mipaka ndiyo hasa iliyokuwa katika mwongozo ulioondolewa. Isitoshe, Sheria ya Afya ya 2017 imeshaeleza mtaalamu wa afya aliyehitimu ni nani: daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki aliye na leseni na aliyefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito. Afisa wa kliniki aliyekamatwa Kilifi miaka miwili baadaye alikuwa wa kada iliyotajwa humo kwa jina.

Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha APHRC ulikadiria kwamba mimba karibu 465,000 ziliavywa nchini mwaka wa 2012, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa hospitalini kutokana na matatizo yaliyofuata. Marufuku ilikuwepo mwaka huo wote. Mwenye pesa alipata daktari wa faragha na siri yake ikatunzwa. Asiye nazo alipewa mitishamba, vyuma au sabuni, kisha serikali iliyokataa kumhudumia mapema ikagharimika kumtibu akiwa mahututi.

Wanasiasa wanayajua haya. Mswada wa Afya ya Uzazi wa 2019, ulioletwa na Seneta Susan Kihika, ulikumbana na upinzani mkali wa makanisa na haukuwa sheria. Mswada uliotangulia wa 2014 ulikuwa na hatima hiyo hiyo. Mbunge hapotezi kura kwa kunyamaza, na kiongozi wa kambi nyekundu ya 2010 aliingia Ikulu Septemba 2022. Mahakama ndiyo imeachiwa kazi ya kutafsiri kesi baada ya kesi, leo ikifungua mlango, kesho ikiurudisha nusu, na kila tafsiri huanza na msichana aliyekwisha kukamatwa au kuzikwa.