Msomi na Spana

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa nimechuchumaa chini ya mwarobaini ulio nyuma ya jengo letu hapa Upanga, nimevaa ovaroli kuukuu, nafungua mfuniko wa tapeti wa Honda CG 125 yangu. Akapita kijana mmoja, kijana kwangu mimi ingawa kichwa chake kina mvi, ambaye zamani nilimfundisha ualimu na leo ni mtu mzito ofisini kwake. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Akaitazama mikono yangu, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwalimu, unajitesa bure. Vijana si wapo? Mkuu wa chuo mzima unashika oili?"

Aliyasema kwa mapenzi, wala simlaumu. Lakini maneno yake yalinikaa rohoni, kwa sababu si yake peke yake. Nimeyasikia msibani, harusini, na hata kwa wanangu wa kuwazaa. Leo nataka kuyajibu. Nasema hivi: mtu anayepanda pikipiki kwenda safari ndefu, naye hawezi kurekebisha mnyororo wake, kupima oili yake wala kukagua breki zake, si msafiri. Huyo ni abiria aliyekalia kiti cha dereva. Na nasema pia kwamba kosa si lake peke yake. Sisi walimu ndio tuliomlea hivyo, na mimi nimo.

Nianze na mimi mwenyewe. Pikipiki niliikabidhiwa mwaka 1979, nikiwa mkufunzi kijana, ili niwazungukie walimu wanafunzi katika shule za vijijini. Ilikuwa miaka ya kutekeleza Azimio la Musoma la 1974, ambapo nchi iliamua kila mtoto apate elimu ya msingi, na walimu wakawa hawatoshi. Vita vya Kagera vilikuwa vimetukausha. Petroli ilikuwa ya kuhesabiwa, na spea zilikuwa hadithi. Wiki ya kwanza tu pikipiki ilinizimikia porini, nikaisukuma mpaka magharibi. Nilikuwa na stashahada mfukoni na naweza kuchora ubaoni injini ya mipigo minne, mshale kwa mshale. Sikujua plagi inafunguliwa upande gani.

Aliyeniokoa alikuwa dereva wa chuo, mzee wa darasa la nne. Hakunitengenezea. Alinipa spana ya plagi, akakaa juu ya debe, akaniamuru. Nilifungua plagi, nikaikuta nyeusi ti kwa masizi, nikaisugua, nikaifunga, injini ikawaka. Mzee akaniambia kwamba sasa pikipiki ni yangu, kwani jana ilikuwa ya serikali. Sikuwahi kupata cheti kilichonifurahisha kama hicho.

Sasa tuzitazame hoja za wanaonikataza.

Hoja ya kwanza husema kwamba mwenye pikipiki akijitengenezea anamnyima fundi riziki. Hoja hii ina sura ya huruma, ndiyo maana watu huikubali haraka. Lakini nendeni Gerezani, pale Kariakoo, mkaulize mafundi wenyewe. Fundi ninayemwendea mimi humpelekea silinda ya kuchongwa, fremu ya kuchomelewa, beringi zinazotaka mashine ya kuzisukumia. Hizo ni kazi za ufundi, na malipo yake ni ya ufundi. Kubadilisha oili, ambayo kwa CG 125 haifiki hata lita moja, si kazi ya kumwachia mtu mwenye ujuzi wa miaka 20. Na kwa kuwa najua nilichompelekea, hatuna ugomvi wa bei wala wa ubora. Mteja anayejua humwondolea riziki tapeli tu. Fundi mwaminifu humfaidi.

Ujuzi huo huo ndio kinga yako dukani. Kariakoo utauziwa kila kitu, kizuri na kibaya, ndani ya boksi linalofanana. Kanuni yangu ni kwenda na kipuri cha zamani mkononi, nikakipima na kipya kwa uzito, kwa macho na kwa kucha. Tairi nalo lisome ubavuni. Zipo tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2316 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama muuzaji anaapa kwamba kontena limefunguliwa jana. Sihitaji kugombana naye. Namwonyesha tarakimu, naaga, naingia duka la pili.

Hoja ya pili ni ya vijana wenye uwezo, wale ninaowaona alfajiri ya Jumamosi wakipita Barabara ya Umoja wa Mataifa kwa pikipiki kubwa za safari, masanduku ya chuma ubavuni, majaketi ya bei. Nawapenda, maana wamerudisha heshima ya kusafiri kwa magurudumu mawili. Lakini ukiwauliza watakwambia, "Mzee, hizi ni za kompyuta. Hazishikwi."

Ni kweli petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta, na breki husaidiwa na kompyuta. Lakini mnyororo hauna kompyuta. Nati ya ekseli haina kompyuta. Mafuta ya breki hayana kompyuta, nayo hunyonya unyevu wa hewani, hasa katika mji kama huu wenye bahari mlangoni. Yakishanyonya maji huchemka mapema breki zinapopata moto mteremkoni, na mkono wa breki unakuja mpaka kwenye kishikio bila kushika kitu. Ndiyo maana viwanda vingi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Wangapi kati ya hao wanajua yao yalibadilishwa lini?

Nitasimulia yaliyotokea nyumbani kwangu. Mwezi Agosti 2022 mwanangu mdogo na wenzake wawili waliondoka Dar es Salaam kwenda Iringa, kama kilomita 500. Wote watatu wana shahada. Wangu alisoma fizikia. Pikipiki yake ilikuwa imetoka gereji moja hapa mjini siku mbili kabla, imelipiwa matengenezo kamili, imeoshwa inang'aa. Walipita Chalinze, Morogoro, Mikumi, wakasimama Ruaha Mbuyuni kununua maji kwenye vibanda vya vitunguu. Mbele yao kulikuwa na mlima Kitonga, zile kona zenye ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande wa pili, malori yakipanda kwa gia ya kwanza.

Kijana wa kuziba pancha alikuwa amekaa chini karibu yao. Akalitazama gurudumu la nyuma, akauliza: "Kaka, hii nati nani kaifungua?"

Nati ya ekseli ilikuwa imelegea na kurudi nyuma kiasi cha kuonekana kwa macho. Aliyerekebisha mnyororo gereji hakuikaza ikafika. Mwanangu alikuwa ameiendesha hivyo kutoka Upanga mpaka pale, kwa mwendo ambao hakuniambia nami sikumuuliza. Kijana wa pancha akakaza nati, akalinganisha alama za pande zote mbili ili gurudumu likae sawa, akazungusha gurudumu na kupima ulegevu wa mnyororo kwa kidole. Alikataa hela, akakubali soda.

Mwanangu alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Shahada tatu zilisimama kando ya nati ile zikanywa maji, na aliyeiona ni mtoto ambaye mfumo wetu wa elimu unamwita aliyeshindwa.

Hapo tunafika kwenye hoja ya tatu, ambayo hakuna anayeitamka: kwamba oili ni uchafu, na usomi ni kutakata. Hii ndiyo mama wa hoja zote. Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967 akipinga jambo hili hili, shule inayomfanya mtoto aione kazi ya mikono kuwa adhabu. Sisi tuliupokea waraka ule kwa nyimbo na mashamba ya shule, na mtoto mtundu tukampa jembe kama adhabu. Miaka ya 1970 shule za sekondari zilipewa michepuo, kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Karakana zikajengwa, na nyingine baadaye zikageuka stoo za viti vibovu.

Sasa niseme la kwangu, maana haifai kumnyooshea mwenzio kidole huku umeficha mkono wa pili. Nilipokuwa mkuu wa chuo tulipokea sanduku la zana kwa ajili ya somo la ufundi: spana za kila namba, bisibisi, koleo, vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi ya tapeti. Zana nzuri mno. Nikaogopa zitaibiwa. Nikazifungia stoo, na ufunguo nikauweka katika droo yangu. Kila mwisho wa mwaka nilizihesabu, zikatimia. Wanachuo walijifunza spana kwa kuichora. Nilipostaafu mwaka 2011 nilikabidhi ofisi kwa orodha, na spana zote zilikuwepo, baadhi bado zina grisi ya kiwandani. Nilipongezwa kwa utunzaji bora wa mali ya umma. Nilipeana mikono na watu, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Miaka yote ile nikiitengeneza pikipiki yangu mwenyewe Jumamosi jioni, mlango wa banda ukiwa umefungwa, ili wanachuo wasimwone mkuu wao akiwa na mikono michafu. Niliyofundishwa na mzee wa darasa la nne niliyala peke yangu. Hesabu ya walimu waliopita mikononi mwangu ni kubwa, na kila mmoja alikwenda kufundisha mamia. Nati ya Ruaha Mbuyuni ililegezwa na mtu wa gereji, lakini macho yasiyoiona niliyafumba mimi.

Ndiyo maana sikubaliani na anayeniambia nipumzike. Wajapani wenyewe walitusoma zamani. Katikati ya miaka ya 1970, Honda walipokuwa wakiunda CG, walichunguza jinsi pikipiki zinavyotumiwa katika nchi kama zetu. Wakaona mizigo imezidi, oili haibadilishwi, mnyororo haupakwi mafuta. Wakaunda injini rahisi yenye fito za kusukuma valvu, inayovumilia kusahauliwa. Injini hiyo imenakiliwa kwa wingi nchini China, na uzao wake umejaa vijiwe vya bodaboda mpaka leo. Naipenda pikipiki yangu, lakini kila ninapoikalia nakumbuka kwamba iliundwa na watu walioamini sitaitunza. Nikichukua vile vibao nikapima tapeti yangu, 0.08 milimita, injini ikiwa baridi, nawajibu.

Sisemi kila mtu afungue injini. Nasema yapo mambo ya saa moja ambayo hayana msamaha kabla ya safari. Pima upepo wa tairi, zikiwa baridi. Pima oili, pikipiki ikiwa imesimama wima. Tafuta pale mnyororo unapokaza kuliko pengine, kisha ushike katikati, upande wa chini, uone unacheza kiasi gani. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni sentimita mbili hadi tatu, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukikaza kupita kiasi utaua beringi, ukilegeza mno utaruka kwenye meno. Tazama unene wa pedi za breki. Kisha zunguka pikipiki yote na spana, ukigusa kila nati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na barabarani ukuta wenyewe hupati nafasi ya kuujenga.

Mwaka 2024 serikali ilianza kupeleka kidato cha kwanza katika mkondo wa amali, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023. Naomba Mungu usiishie pale ulipoishia mchepuo. Sera haikazi nati. Kinachokaza nati ni mkono wa mtoto uliokwisha kukaza nyingi, chini ya mwalimu asiyeona haya kuchafuka.

Kwa hiyo, mkuu wa shule au wa chuo unayesoma kurasa hizi, nakuuliza swali moja, nami nina haki ya kuuliza kwa kuwa nililikosa: ufunguo wa stoo uko wapi? Fungua. Spana tatu zitapotea, najua. Mkaguzi atakuandikia barua, nayo utaijibu.

Na yule mwanafunzi wangu wa zamani, kama anasoma, nampa jibu ambalo siku ile sikulipata upesi. Vijana wapo, ndiyo. Jumamosi ijayo mwanangu anakuja hapa chini ya mwarobaini na pikipiki yake, na mimi nitakaa juu ya debe.