Kozi ya algoritimu haingoje ordinateri

Kwenye masomo mingi ya kwetu, kozi ya informatiki inapita ubaoni tu. Mwalimu anaandika maana ya «algoritimu», mwanafunzi anakopia, anashika kwa kichwa, na siku ya mtihani anarudisha maneno ile ile. Akipata pointi, tunafurahi. Lakini mwambie aandike hatua za kutafuta bei ndogo kati ya bei tano: kalamu inasimama. Na sisi wakubwa tuko na jibu moja kila mwaka: «Ordinateri hakuna, umeme hakuna, tutafanya namna gani?»

Ni kweli, umeme unakosekana, na wenye kuongoza wasipumzike mpaka upatikane. Lakini kwa kozi hii, hiyo si sababu ya kutosha. Algoritimu haiishi ndani ya mashine. Ni hatua zenye kupangwa moja nyuma ya ingine: unaanza na vitu unavyojua, unamaliza na jibu unalotafuta. Kila hatua iwe wazi, na kazi ifike mwisho. Ni hayo tu.

Tuangalie historia. Mgiriki Euclide, karibu miaka 300 mbele ya Yesu, alieleza hatua za kutafuta namba kubwa inayogawa namba mbili bila mabaki. Mpaka leo tunazitumia. Neno algoritimu lenyewe linatoka kwa jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika karne ya 9. Na mwaka 1843, Mwingereza Ada Lovelace alichapisha hatua za kuhesabu namba za Bernoulli kwa mashine ambayo Charles Babbage alikuwa amechora. Mashine ile haikumalizika kujengwa hata siku moja. Hawa wote walifanya algoritimu bila ordinateri. Sasa sisi, wenye ubao na chaki, tunangoja nini?

Tuchukue kazi ya kila siku. Mama anamtuma mtoto: «Zunguka kwa wauzaji wa makala, uone mwenye bei nzuri ya gunia.» Mtoto anaelewa, juu amekulia hapa. Mashine haiwezi kuelewa. «Bei nzuri» maana yake nini? Ikumbuke nini wakati wa kuzunguka? Isimame wapi? Pseudokodi inajibu maulizo hayo. Ni namna ya kuandika hatua kwa maneno ya watu, lakini kwa mpango mkali: hatua moja kwa mstari mmoja, jina moja kwa kitu kimoja. Kwa Kiswahili chetu inakuwa hivi:

ANZA
   SOMA BEI ya muuzaji wa kwanza
   WEKA BEI ndani ya NDOGO
   KWA KILA muuzaji anayebaki, FANYA
      SOMA BEI yake
      KAMA BEI iko chini ya NDOGO, BASI
         WEKA BEI ndani ya NDOGO
      MWISHO WA KAMA
   MWISHO WA KILA
   ANDIKA NDOGO
MWISHO

NDOGO ni sawa na kisanduku: kinashika namba moja tu, na ukiweka mpya, ya zamani inatoka. Mistari iliyoingia ndani inaonyesha nini inafanyika chini ya nini. Hiyo si mapambo. Bila hiyo, msomaji hajui kama ANDIKA inafanyika mara moja mwishoni, ao kila mara tunapofika kwa muuzaji mpya.

Sasa tujaribu kwa mkono. Tuseme bei ni franka 45 000, 42 000, 47 000, 40 000 na 43 000. NDOGO inaanza na 45 000. Tunafika kwa 42 000: iko chini, inaingia. 47 000 haiingii. 40 000 inaingia. 43 000 haiingii. Tunaandika 40 000. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, na kelasi yote inaweza kuifanya: mwanafunzi mmoja anashika kisanduku, watano wanakuwa wauzaji.

Hapo ndipo masomo ya kweli inaanza. Mwanafunzi mmoja atasema: «Mwalimu, kwa nini tusianze na NDOGO = 0? Ni rahisi.» Mwache ajaribu. 45 000 haiko chini ya 0. 42 000 vile vile. Hakuna bei hata moja itakayoingia, na mwishoni tutaandika 0: gunia ya bure! Kila mstari unaonekana mzuri, lakini jibu ni la uongo. Mtoto aliyeona hiyo kwa macho yake hatasahau kwamba mashine inafanya ulichoandika, si ulichowaza.

Mwingine atauliza: «Sawa, 40 000, lakini ni kwa nani?» Ulizo zuri kabisa. Tuliomba bei, tumepewa bei. Jina la muuzaji hatukuliomba. Inatakiwa kisanduku cha pili, tukiite MUUZAJI: mwanzoni kinashika jina la muuzaji wa kwanza, kisha kinabadilishwa kila mara NDOGO inapobadilika. Mbele ya kuandika hatua, mtu aseme wazi anatafuta nini. Ni ordinateri gani inatakiwa kwa kufundisha hiyo?

Najua watu watasema: «Mtihani uko kwa Kifaransa, na lugha za programu zinatumia maneno ya Kiingereza. Kiswahili kitawachelewesha watoto.» Nawaheshimu, lakini sikubali. Mwenye kuelewa KAMA na BASI ataandika «Si» na «Alors» siku hiyo hiyo, juu ni maneno mawili tu ya kubadilisha. KWA KILA inakuwa «Pour chaque». Lakini mwenye kushika «Tant que» kwa kichwa bila kujua ni lini kazi inasimama, hata umpe lugha kumi, atabaki pale pale. Tunamwomba mtoto abebe mizigo miwili mara moja, wazo jipya na lugha ya shule, kisha tunashangaa akiangusha yote mawili. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Lugha ya taifa si ya nyimbo na mahubiri tu. Inaweza kubeba hesabu vilevile.

Na kuna jambo la haki. Mtoto ambaye kwao kuko ordinateri atajaribu mwenyewe usiku, atakosea, atarekebisha. Mwenzake asiye nayo ana kelasi peke yake. Kelasi ikimpa maana ya kushika kwa kichwa tu, atafika chuo kikuu akiwa amechelewa kwa miaka, na tutasema hana akili. Akili iko. Ni mazoezi hakupewa.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu visivyolipiwa hata franka moja. Walimu, kila wiki toeni kazi moja ya mtaani iandikwe kwa hatua: kurudisha chenji, kupanga zamu ya likelemba, kuhesabu pointi za kelasi. Kisha wanafunzi wabadilishane karatasi, na kila mmoja afuate ya mwenzake neno kwa neno, bila kuongeza akili yake. Atakapokwama, ndipo mwandishi ataona mstari usio wazi.

Wakaguzi, mnapoingia kelasini, msiulize tu «algoritimu ni nini?» Toeni mistari kumi na namba tano, mwulize: «Mwishoni inaandika nini?» Aliyeshika kwa kichwa tu atanyamaza, aliyeelewa atajibu.

Na wazazi, mkitazama kaye ya mtoto, mwambieni awaelezee hatua zake kwa Kiswahili cha nyumbani. Hata mama ambaye hajagusa ordinateri anajua kama maelezo yanaeleweka ao hapana. Siku ordinateri zitafika kwenye masomo yetu, zikute watoto wenye kitu cha kuziambia.