Kabla ya mchango wa kamera, umepimwa damu?



Ombi moja linanirudia sana siku hizi: "Pasta, tuombee na mtuchangie, mama anaenda kuwekwa kamera ya tumbo." Anaumwa nini? Uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio akipanda mlima kidogo. Amepimwa damu? Kimya.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alichoka mpaka akaomba kufa. Mungu hakuanza na mambo makubwa. Alimtuma malaika na mkate na maji, mara mbili, ndipo mtumishi akatembea siku 40 hadi Horebu.

Dada yangu, kama bado unapata hedhi, na hasa ikiwa nzito, au umezaa watoto wa kufuatana, uchovu huo mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma. Tunakula managu na ndengu vizuri, halafu papo hapo tunateremsha na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja hivi. (Najua, hapa Eldoret nimegusa kitu kitakatifu!) Na wewe unayemeza metformini ya sukari kwa miaka mingi, nyayo zikifa ganzi mwulize daktari kuhusu vitamini B12.

Sijasema ununue chupa ya vidonge kwa yule anayeuza nje ya kanisa baada ya ibada. Chuma kikizidi mwilini ni sumu. Pimwa kwanza. Ukiandikiwa dawa, meza mpaka mwisho, hata nguvu zikirudi mapema.

Lakini baba, na mama uliyekoma hedhi, chuma kikipungua kwenu huenda damu inavuja ndani. Msikae na vidonge tu. Nanyi ambao chakula kinakwama kooni, uzito unashuka, au choo kina damu au ni cheusi kama lami, hakuna cha kungoja. Saratani ya umio iko kwetu upande huu wa Bonde la Ufa, na wengi hufika Hospitali ya Rufaa ya Moi wakiwa wamechelewa. Nitakuombea ukiwa kwenye foleni ya hiyo kamera. Usiniletee maombi badala ya foleni.

Mwenye barua ya daktari ya kufanyiwa kamera, nitumie inbox leo. Mchango wako tunaanza nao Jumapili.