MAONI: Bibi mgumu wa televizheni na yule tuko naye nyumbani

Bunia. Wiki mbili zilizopita, katika kipindi chetu cha familia kwenye redio, tuliuliza wasikilizaji swali moja tu: bibi mgumu ni nani? Simu ziliingia moja nyuma ya ingine. Baba mmoja alisema bibi mgumu ni yule anayejibu wakati bwana anasema. Mwingine akasema ni yule anayeshika telefone ya bwana usiku na kuanza kusoma. Kijana mmoja wa Nyakasanza akamaliza mjadala kwa kusema: «Bibi mgumu ni Delta, wa Ma Famille.» Hapo studio nzima tulicheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko changu kilisikika hewani.

Kisha simu ingine ikaingia. Sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake kelele za soko. Alisema: «Munacheka. Lakini bwana yake mulimuona?» Tukangojea aendelee, simu ikakatika. Pengine unite zilimuishia. Hakuita tena, nasi tukaweka muziki.

Swali lake limenifuata tangu siku ile. Ndiyo sababu ninaandika leo.

Kwa vijana ambao hawakuiona: Ma Famille ni mchezo wa televizheni wa Côte d'Ivoire uliotoka kati ya mwaka 2002 na 2007. Aliyeuanzisha ni Akissi Delta, mwanamke ambaye hakubahatika kukaa kwenye benchi ya shule, lakini ndiye aliyeandika, akatengeneza na akacheza ndani yake. Kwenye mchezo yeye ni Delta, bibi ya Bohiri, anayechezwa na Michel Bohiri. Bohiri anavaa vizuri, anasema vizuri, na anatembea na wanawake wa inje. Delta anafoka, anafuata, anauliza, analia, anaita majirani na ndugu. Pembeni yuko Gohou, ambaye akitokea tu watu wanaanza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Hapa Bunia tulitazama mchezo huo kwenye CD zilizokopiwa, katika nyumba chache zilizokuwa na jenereta. Ukiwa mtoto ulikaa chini, mbele kabisa, na ulikatazwa kuuliza maswali. Wengi hatukuelewa Kifaransa chote cha Abidjan, lakini tulielewa ugomvi. Ugomvi wa bwana na bibi hauhitaji mkalimani. Siku hizi vipande vyake vinapita katika simu, na watoto waliozaliwa baadaye wanamjua Delta kama vile wanamjua shangazi yao.

Sasa, turudi kwa swali la yule mama. Bwana yake tulimuona? Tulimuona, ndiyo. Tulimuona akidanganya kipindi kwa kipindi. Lakini jina la «mgumu» hatukumpa yeye. Tulimpa aliyedanganywa, kwa sababu ndiye aliyepiga kelele. Bohiri anafanya mabaya yake kwa sauti ya chini, na mtu wa sauti ya chini tunamuita mtu mwema.

Naona kwamba Akissi Delta mwenyewe hakutaka tumalizie hapo. Alijipa yeye mwenyewe nafasi ya mwanamke anayechekwa, na akatuonyesha kila mara kitu kilichomfikisha pale. Ukitazama vizuri, hasira ya Delta iko na sababu, na sababu hiyo imelala kitandani kwake. Sisi tulichukua kicheko tukaacha sababu.

Michezo mingine haitupi hata hiyo nafasi. Katika filamu za Nigeria, Patience Ozokwor amekuwa mama mkwe mubaya mara nyingi mpaka watu wanaweza kumuogopa wakimkuta barabarani. Katika michezo ya Kinshasa, ile ya Kilingala ambayo wengi wetu tulikua nayo, bibi anayesumbua nyumba mara nyingi anaishia kuwa ndoki. Mchungaji anakuja, anaomba, mwanamke anaanguka chini, anatubu, nyumba inapoa. Hakuna anayemuuliza kwa nini alikasirika. Hasira yake ni pepo, na pepo haiulizwi, inafukuzwa. Halafu sisi tunazima televizheni, na kesho yake tunaingia katika kikao cha familia tukiwa na dawa ileile mkononi.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, maana ni vibaya kusema ya wengine na kuficha ya kwako.

Mwezi wa tano mwaka 2003 nilikuwa na miaka 13. Vita vya Ituri vilikuwa vimeanza tangu 1999, lakini hapa mjini tulikuwa tunaamka na kulala hivyohivyo. Jeshi la Uganda lilipotoka Bunia, wenye silaha walianza kugombania muji, kartie kwa kartie. Watu maelfu walikimbilia upande wa uwanja wa ndege na kwenye kituo cha MONUC. Wengine walishika barabara ya Komanda, kuelekea Beni.

Baba alisema tubaki. Alikuwa na sababu zake: parsela, vitu vya nyumba, na mbuzi wanne. Alisema kelele zitaisha kwa siku mbili au tatu kama mara zilizopita. Alisema kama mkubwa wa nyumba, na alisema mara mbili.

Mama alikuwa anafunga sufuria na kitambaa. Hakupandisha sauti. Alimwambia: «Baba ya batoto, we bakia. Mi nakwenda nabo.» Akamweka mdogo wetu mgongoni, akanipa mimi unga, tukatoka. Tulitembea mpaka Komanda, zaidi ya kilomita 70, tukilala porini na katika nyumba za watu ambao hatukujua majina yao. Baba alitufuata siku nne baadaye, bila mbuzi, na kovu begani ambalo alikufa nalo. Katika avenyu yetu, nyumba mbili za jirani zilizobaki, hatukuwakuta watu wake tena.

Tuliporudi, wakati wanajeshi wa Ulaya wa operesheni Artemis walikuwa wamekwisha kuingia, ungefikiri mama angeshukuriwa. Hapana. Kwa miaka mingi, kila arusi na kila kilio, wajomba na babamdogo walirudilia habari ile kama mfano wa bibi mgumu. «Huyu mama, hata risasi zikilia hasikii bwana yake!» Watu wanacheka. Mama naye anacheka kidogo, anaenda kutazama moto jikoni. Nilikuwa mtu mzima, na mwandishi wa habari, kabla sijaona kwamba walikuwa wanamcheka mtu aliyeniokoa.

Baba mwenyewe hakuwahi kumsimanga. Mwaka mmoja kabla ya kufa aliniambia tu: «Mama yako alikataa vizuri.» Hayo mimi ndiye niliyeyasikia, wale wajomba hawakuyasikia.

Ndugu msomaji, angalia pia sheria ilikuwa inasema nini siku ile tulipotoka. Kitabu cha sheria za familia cha tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 444, kilisema mwanaume ni mkubwa wa nyumba, anapashwa kulinda bibi yake, na bibi anapashwa kumtii bwana. Kifungu cha 448 kilimlazimisha bibi kuomba ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga katika mambo ya sheria. Kwa hiyo mama, akiwa na sufuria kichwani, alikuwa anavunja sheria ya Jamhuri. Alikuwa bibi mgumu mbele ya serikali pia.

Sheria hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Mwanaume bado anaitwa mkubwa wa nyumba, lakini ile ruhusa imeondoka. Leo sheria inasema bwana na bibi wapatane katika mambo ya sheria yanayowafunga, mmoja wao au wote wawili. Hiyo ni zaidi ya miaka minane iliyopita. Lakini uliza katika kartie yako, kuanzia Mudzipela mpaka Saio, watu wangapi wanajua. Mwanamke anayekataa parsela iuzwe bila yeye kuambiwa, leo anasimama ndani ya sheria. Katika kikao cha familia bado anaitwa mgumu. Familia ya bwana inakumbusha mali iliyotolewa kwao, mbuzi na ng'ombe wanahesabiwa upya, na mama anaambiwa arudi kwao «akafundishwe».

Na wakati tunaposema hivyo, ni nani anayelisha muji huu? Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na watu bado wanakimbia Djugu, Irumu na Mambasa. Nenda site ya Kigonze, hapa pembeni ya muji. Asubuhi mapema utaona wamama wanatoka kutafuta kazi ya shamba la mtu, kufua nguo, kubeba mchanga, kuuza lengalenga. Mama wa namna hiyo jioni anaficha franga kidogo ndani ya kitambaa, kwa sababu anajua kesho mtoto atauliza chakula. Bwana akiomba zile franga kwa ajili ya kinywaji, na yeye akakataa, tunamuita nani? Ukali wake ndio bugali ya watoto.

Najua jibu nitakalopata, maana nimekwisha kulipata kwenye simu. Baba mmoja aliniambia michezo hii ndiyo inaharibu bibi zetu: wanaona Delta anafuata bwana yake, nao wanaanza kufuata. Mimi sikubali. Wamama wa Bunia hawakungoja CD za Abidjan ndipo wajue kwamba bwana amechelewa kurudi. Tena Delta hakuwafundisha kukasirika. Aliwaonyesha kwamba hawako peke yao.

Lakini kuna jibu lingine ambalo nalikubali. Kuna wanawake wanaotesa kweli. Kuna mama wa kambo anayemnyima mtoto wa mwenzake chakula. Kuna bibi anayempiga msichana wa kazi na kumlaza jikoni. Kuna mama mkwe ambaye hakuacha mkazamwana apumue hata siku moja. Mchezo ukionyesha hao, uonyeshe, na tusiwatetee kwa sababu tu ni wanawake. Lakini huo ni ukatili, si ugumu, na wanaume pia wanao. Neno moja lisitumike kwa mwenye kutesa mtoto na kwa mwenye kukataa kuibiwa. Tukiwachanganya, mkatili anajificha nyuma ya kicheko, na mwenye haki anapoteza haki yake.

Naomba mambo matatu, na ninaanza na sisi wenyewe wa redio. Tuache kuuliza maswali kama lile nililouliza. Swali lilikuwa limekwisha kuhukumu kabla mtu hajajibu. Wiki ijayo nitaomba wenzangu tuulize lingine: nyumbani kwenu, nani alikataa kitu, na kukataa kwake kulisaidia nini? Na yule mama wa soko, kama anasoma au anasomewa haya, ajue namba ni ileile, safari hii sisi ndio tutamwita ili unite zisimuishie.

La pili ni kwa vijana wetu wanaocheza teatri katika shule na katika parokia za hapa. Muko na vipaji, nimewaona. Lakini kila mara bibi mkali anatokea na kitambaa kiunoni na mwiko mkononi, watu wanacheka, mwisho anapiga magoti. Mbona tusione mara moja kilichotokea asubuhi, kabla hajashika mwiko? Akissi Delta hakuwa na shule, na nchi yake ilikuwa imegawanyika kwa vita tangu mwezi wa tisa 2002, mwaka uleule mchezo wake ulipoanza. Alitengeneza kitu ambacho sisi wa Ituri, tuliokuwa na vita yetu, tulikitazama kama kimetoka avenyu ya pili. Habari za kutosha kwa mchezo kama ule ziko hapa Bunia pia, tena kwa Kiswahili chetu.

La tatu ni kwa wazee wa familia na mashefu wa kartie wanaokalia mashauri ya ndoa. Mwanamke akiletwa mbele yenu na jina la mgumu, kabla ya kumpa mashauri ulizeni kwanza: anakataa nini? Kama anakataa upuuzi, mtamwambia. Lakini kama anakataa watoto walale njaa, au parsela iende bila yeye kujua, basi kikao kimemwita mtu asiyehusika, na mwenye kesi ameketi kwenye kiti kingine.

Mama yangu yuko hai. Anakaa na sisi, na jioni anapenda kutazama michezo ya televizheni na wajukuu. Juzi kipande cha Ma Famille kilipita kwenye simu ya mtoto, Delta akifoka, watoto wakacheka. Mama alitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema: «Huyu mama anachoka.» Kisha akauliza kama mlango wa inje umefungwa.

Ninyi nyumbani kwenu munasemaje? Tuandikieni au mutupigie.