Acheni Kuicheka "Karamu" Yake

Kuna kicheko kimoja hapa chuoni ambacho sote tunakijua. Mwenzetu amesimama mbele kuwasilisha kazi ya kikundi, kajiandaa, hoja zake zimekaa sawa. Halafu anasema "karamu" badala ya "kalamu", au "balabala", na viti vya nyuma vinalipuka. Kuanzia hapo hakuna anayesikiliza hoja tena. Nimeshaona mtu aliyefanya nusu nzima ya kazi ya kikundi akikataa kusimama, anampa mwingine asome, na maksi za uwasilishaji zinakwenda kwa huyo msomaji. Hicho ndicho kinachoniudhi.

Nasema hivi: ukiacha adabu pembeni, kicheko hicho ni ushahidi kwamba tumefika chuo kikuu bila kujua jinsi sauti za lugha zinavyofanya kazi.

Kikurya kina r, l hakina. Kikikuyu cha Kenya vivyo hivyo. Aliyekulia humo masikio yake ni mazima kabisa, ila yalijifunza mapema kwamba tofauti ya r na l haibadilishi maana ya neno, yakaacha kuifuatilia. Na ni mapema kweli. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba watoto wa nyumba za Kiingereza wakiwa na miezi sita hadi minane wanaweza kutofautisha konsonanti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii. Wakikaribia mwaka mmoja, uwezo huo umeshapungua sana. Yaani mtu hajaanza hata kutembea vizuri, sikio limeshachagua upande!

Kila lugha inachukua fungu lake tu. Kihawai kinajitosheleza kwa konsonanti 8, wakati lugha ya Taa, kule Botswana na Namibia, ina sauti zaidi ya 100. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Kwa Wasandawe wa Dodoma na Wahadza wa Ziwa Eyasi, mlio unaokaribiana na ule wa kumsonya mtu ni konsonanti halali, unakaa katikati ya neno kama t au k. Muiraqw wa Mbulu ana sauti ya kooni inayofanana na 'ayn ya Kiarabu, ile inayowatoa jasho watoto wa madrasa, na yeye hakuipata madrasa. Aliipata kwa mama yake. Sasa mwambie huyo anayecheka pale nyuma aitamke, tumsikie.

Irabu ndiyo balaa zaidi. Kiswahili kina tano, a, e, i, o, u, na tunadhani dunia nzima iko hivyo. Kisukuma kina saba. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka irabu moja kwenda nyingine, kina kama 20. Sisi tunazibana zote 20 kwenye zetu tano. Ndiyo maana hat, hut na heart vinywani mwetu ni neno lilelile, "hati" iliyokatwa mkia. Hatuchekani kwa hilo kwa sababu wote tunalifanya. Kumbe kinachochekwa ni kuwa wachache darasani.

Na wale wanaojiona Kiswahili chao kimenyooka, twende nao Mombasa. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa mnyama si matamshi mamoja: p ya mnyama hutoka na pumzi, ya nyumba haina. Mvita anasikia maneno mawili tofauti. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo, na wengi wetu wa bara tuliojifunzia Kiswahili vitabuni hatuitamki wala hatuisikii. Masikioni mwa Mvita, sisi na "karamu" tofauti yetu iko wapi?

Najua nitajibiwa kwamba wengine hapa watakuwa walimu au watangazaji, lazima matamshi yao yarekebishwe. Sawa, hilo nakubali. Mtangazaji afundishwe, na inawezekana. Mtu mzima anaweza kujifunza sauti mpya akipewa mazoezi na muda. Ila kuzomewa si mazoezi. Na mtu anayewasilisha hesabu za mtiririko wa maji au bei ya korosho, akisema "karamu", nani darasani ameshindwa kuelewa kwamba ni ya kuandikia?

Hapa sasa nawageukia walimu wetu. Fomu ya kutathmini uwasilishaji ninayoifahamu ina mstari wa "ufasaha na matamshi", maksi tano. Ufasaha ubaki: mtu apange hoja, aongee asikike, asisome slaidi neno kwa neno kama anakariri. Matamshi yatolewe, isipokuwa kwenye kozi zinazofundisha matamshi yenyewe. Maksi tano zinatosha kumvusha mtu kutoka C kwenda B, na huwezi kumkata mtu kwa somo ambalo hujamfundisha.

Wawakilishi wa madarasa wanaweza kuipeleka hoja hii serikali ya wanafunzi kabla fomu za semesta ijayo hazijachapishwa. Wa kwetu nimeshamwandikia. Kanijibu, "Tutalijadiri." Tumeelewana vizuri tu.