Hospitali ya Shaukat Khanum na Somo la Kuwahi



Juma hili twawaomba wasomaji wetu, na hasa akina mama, mtusindikize hadi mji wa Lahore, Pakistani. Huko iko hospitali ya saratani ambayo Desemba 2024 ilitimiza miaka 30. Tumeichagua kwa kuwa ilianza na mauti ya mama mmoja, ikajengwa kwa sadaka na zaka za Waislamu, na kwa kuwa langoni mwake pana sharti moja ambalo, tangu tulijue, limetukosesha raha.

Mama huyo ni Bi Shaukat Khanum, aliyefariki mwaka 1985 kwa maradhi ya saratani. Mwanawe, Imran Khan, alikuwa wakati huo mchezaji wa kriketi mwenye jina duniani. Baadaye aliingia katika siasa hata akawa Waziri Mkuu wa nchi yake, lakini siasa zake si mada yetu leo. Alikuwa na uwezo wa kumuuguza mamake, na alimuuguza. Lakini amesimulia mara nyingi kisa cha mzee mmoja aliyemwona katika hospitali ya Lahore siku zile. Mzee huyo alikuwa akimuuguza nduguye mwenye saratani. Mchana alifanya kazi ya kibarua, usiku akakaa na mgonjwa, na alichopata chote kikaishia kwenye dawa. Siku hiyo aliambiwa kuna dawa moja imepungua, akauliza bei yake, akainamisha kichwa. Imran anasema alijiuliza: ikiwa sisi wenye mali tumetaabika hivi, masikini afanyeje?

Akaazimia kujenga hospitali ambayo fukara atatibiwa bila kulipa. Wengi wa madaktari aliowataka ushauri walimwambia haiwezekani. Saratani ni maradhi ya gharama kubwa, na kumtibu masikini bure ni kufilisika. Hakurudi nyuma. Mwaka 1989, katika mechi ya Pakistani na India mjini Lahore, ulifanywa mchango wa kwanza wa hadhara. Mwaka 1991 likawekwa jiwe la msingi. Mwaka 1992 timu yake ilitwaa Kombe la Dunia, na alipopanda jukwaani kulipokea, hospitali ile ilikuwa miongoni mwa maneno yake.

Hata hivyo jengo lilikuwa bado, na fedha zikapungua. Mwaka 1994 alizunguka miji 27 ya Pakistani akiomba raia wa kawaida. Wanafunzi walitoa walichokuwa nacho, wanawake wakavua mapambo yao, na watu wa kipato kidogo wakatoa rupia zao moja moja. Tarehe 29 Desemba 1994 hospitali ikafunguliwa, na aliyepewa heshima ya kuifungua ni mtoto wa miaka 10, naye mgonjwa wa saratani. Aprili 1996 bomu lililipuka ndani yake na watu wakapoteza maisha, lakini kazi haikukoma. Tarehe 29 Desemba 2015 ikafunguliwa hospitali ya pili katika mji wa Peshawar, karibu na mpaka wa Afghanistan.

Kwa maelezo ya hospitali yenyewe, takriban robo tatu ya wagonjwa wake husaidiwa gharama za matibabu. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni zaka na sadaka, na nyengine hutokana na huduma zake, kama vile maabara. Anayelipa na asiyelipa hutibiwa na madaktari wale wale, kwa dawa zile zile.

Sasa tuje kwenye lile sharti la langoni. Kila mgonjwa mpya hupitia kwanza kitengo cha uchunguzi. Humo madaktari hutazama maradhi yamefika wapi. Kwa kuwa vitanda ni vichache na wahitaji ni wengi, hutangulizwa wale ambao saratani yao ingali mwanzo na yatarajiwa kupona. Aliyechelewa sana, maradhi yakiwa yameshatapakaa, huenda asipokewe. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa gumu, na hatuwalaumu. Lakini tulizingatie: hospitali iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya fukara, yenye zaka ya umma mzima nyuma yake, haiwezi kumnunulia mtu muda uliokwisha kupotea.

Na hapa, wasomaji wetu, inatubidi tuseme letu.

Miaka michache iliyopita, baada ya darsa ya alasiri, alitujia binti mmoja wa mtaani akatwambia, "Maalim, mama akusalimu. Ana uvimbe kifuani, aomba umwandikie kombe." Tulifurahi kwa imani ya mama yule. Tukachukua sahani, tukaandika kwa zafarani, tukaosha kwa maji ya waridi, tukamuombea dua na kumpa binti chupa aipeleke. Hatukuuliza uvimbe una muda gani. Hatukuuliza kama amemwonyesha daktari. Binti alirudi mara tatu kwa miezi kadhaa, na mara zote tatu tuliandika, wala hatukuuliza.

Alipofika hospitali, maradhi yalikuwa yameshaingia kwapani na mapafuni. Akaandikiwa kwenda Nairobi. Msikiti ukachangisha nauli na gharama za vipimo, na mchango ule ulichukua majuma matatu. Mama yule alisafiri mara moja tu. Aliporejea hakukaa sana, akenda mbele ya haki. Siku ya mazishi, baina ya adhuhuri na alasiri, zilipatikana fedha za sanda, za kaburi na za chakula cha wageni, na zikabaki. Mweka hazina alitwonyesha daftari. Kurasa mbili zilikuwa zimeelekeana: mchango wa majuma matatu upande huu, na mchango wa saa tatu upande wa pili. Hatukuwa na la kusema.

Hatusemi kombe ni kosa. Qur'ani ni shifaa, na dua ni silaha ya muumini. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha pia kujitibu, akatufahamisha kuwa Mola hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Kosa lilikuwa letu, kwani tulitoa kimoja tukanyamazia cha pili, na mama yule alitutegemea tumwambie. Tangu siku ile, kabla hatujagusa zafarani, twauliza masuala matatu: yameanza lini, nani ameyatazama, na lini utakwenda hospitali. Asiyekwenda twamsihi aende kwanza, na dua yetu itamfuata huko huko.

Kwa akina mama na mabinti twasema haya kwa heshima. Saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi ndizo zinazowapata zaidi wanawake wa nchi yetu, na zote mbili zikigunduliwa mapema zina matumaini makubwa. Kila mwezi, hedhi inapokwisha, mwanamke na ajipapase matiti na makwapa. Akiona kivimbe kipya, ngozi iliyobonyea, au chuchu inayotoa damu, asingoje kiume. Uvimbe wa mwanzo wa saratani mara nyingi hauumi, na kutouma huko ndiko kunakowadanganya wengi. Mlango wa kizazi hupimwa kwa muda mfupi, hata katika vituo vya afya vya serikali. Tangu mwaka 2019 iko pia chanjo ya wasichana ya kuukinga, ambayo serikali ilianza kuitoa kwa wenye miaka 10. Kutokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, si jambo la kufichwa.

Twajua kinachozuia ni haya, na haya ni katika imani. Lakini wanazuoni wetu wameruhusu mwanamke atazamwe na daktari pale penye haja ya matibabu. Daktari mwanamke ndiye atangulie, na asipopatikana, mwanamume ataruhusiwa kwa kadiri ya haja, naye mwanamke awe na mahramu wake au mtu wa kuaminika. Na nyinyi waume, mke akiwaambia ana kitu kifuani, musimwambie kitaondoka chenyewe. Mpelekeni.

Kuhusu mali, tujifunze kwa wenzetu wa Lahore. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Qur'ani, na wa kwanza ni mafukara na masikini. Fukara aliyeshindwa na gharama ya kipimo hapewi zaka kwa ajili ya ugonjwa wake. Hupewa kwa ufukara wake, naye akaitumia kwa haja iliyomkalia. Na apewe mapema, angali yuhai, angali anaweza kupanda gari kwa miguu yake. Kwa miaka mingi watu wa pwani wenye saratani wamefuata tiba Nairobi, na wengi walikwama kwenye nauli kabla ya kukwama kwenye dawa.

Tumemuomba mweka hazina wa msikiti wetu afungue ukurasa mpya katika daftari lile, uandikwe Mfuko wa Vipimo. Kila Ijumaa patakuwa na kisanduku chake pembeni mwa mlango wa wanawake na wa wanaume. Shilingi 50 zatosha. Bi Shaukat Khanum hakuiona hospitali iliyopewa jina lake, lakini kila anayepona humo yatarajiwa thawabu zimfikie kaburini. Nasi twanuia thawabu za mfuko huu zimfikie mama yule wa mtaani kwetu, ambaye alituma chupa mara tatu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awaponye walio wagonjwa, na atujaalie kuwahi. Amin.

Wassalaamu alaykum.