Girmay: Amekwisha, au amekosa wa kumsindikiza?

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa mbio za baiskeli wa mwaka 2025 ulimalizika bila Biniam Girmay wa Eritrea kupata ushindi hata mmoja. Tangu hapo mashabiki wa mchezo huo barani Afrika wamegawanyika katika kambi mbili, na kila moja ina hoja zake.

Kambi ya kwanza inadai kwamba nyota huyo aliyezaliwa Asmara Aprili 2000 alifika kileleni mapema, akalewa sifa, na sasa anateremka. Hawa hupenda kukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kambi ya pili inasema kijana huyo hana kosa lolote, bali bahati mbaya na timu dhaifu ndizo zilizomrudisha nyuma.

Ukiangalia kwa makini rekodi yake, utaona kwamba kambi zote mbili zinaukosa ukweli. Girmay hajawahi kuwa mwendesha baiskeli wa kushinda kila wiki. Ushindi wake mkubwa karibu wote umepatikana katika mazingira ya aina moja. Mazingira hayo yakikosekana, humaliza katika nafasi za mbele bila kushika ya kwanza, hata anapokuwa na afya njema.

Tuanze na mwaka 2022, mwaka uliolifanya jina lake litamkwe kote duniani. Machi 25 alishika nafasi ya tano katika mbio za E3 nchini Ubelgiji. Ilikuwa imepangwa arejee nyumbani kwa familia yake, lakini alikubali kubaki siku mbili zaidi ili ashiriki Gent-Wevelgem. Machi 27 alijikuta katika kundi dogo la watu wanne waliokuwa wamelitoroka kundi kubwa. Katika mita mia mbili na ushee za mwisho alichomoka mapema kuliko wenzake walivyotarajia, akamshinda Mfaransa Christophe Laporte. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kushinda mbio kubwa za namna hiyo katika barabara za mawe.

Mei 17 mwaka huohuo, katika hatua ya 10 ya Giro d'Italia iliyoishia Jesi, alishindana bega kwa bega na Mathieu van der Poel wa Uholanzi hadi mpinzani huyo akakata tamaa na kumwinulia kidole gumba. Furaha hiyo haikudumu. Akiwa jukwaani akifungua chupa ya mvinyo ya washindi, kizibo kiliruka na kumpiga jichoni, akalazimika kujitoa mashindanoni.

Kisha ukaja mwaka 2024. Baada ya kuanguka na kujitoa katika Giro mwezi Mei, wengi hawakumtarajia katika Tour de France. Julai 1 alishinda hatua ya 3 mjini Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio hizo zilizoanza mwaka 1903. Julai 6 alishinda tena Colombey-les-Deux-Églises, na Julai 11 akaongeza ya tatu Villeneuve-sur-Lot. Licha ya kuanguka katika hatua ya 16 kuelekea Nîmes, alifika Nice Julai 21 akiwa na jezi ya kijani ya mshindi wa pointi.

Sasa yatazamwe mazingira ya ushindi huo. Turin, ajali iliyotokea kilomita chache kabla ya mstari iliwakwamisha wapinzani kadhaa, Girmay akawa miongoni mwa waliopenya. Colombey, barabara ya kumalizia ilikuwa inapanda, na mpanda wa namna hiyo huwachosha wale wanaotegemea kasi tupu ya tambarare. Gent-Wevelgem, washindani walikuwa wanne tu waliokwisha kuchoka baada ya kilomita karibu 250. Kwa ujumla, Girmay hung'ara pale umalizio unapokuwa mgumu au wenye vurugu. Humwia vigumu pale kundi zima linapofika kwa utulivu kwenye barabara pana na iliyonyooka, akiwapo Jonathan Milan wa Italia, Tim Merlier au Jasper Philipsen wa Ubelgiji.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, suala la timu linahitaji maelezo. Katika umalizio wa kundi kubwa, mwendo hupita kilomita 60 kwa saa. Anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa upepo na kuokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana timu yenye mtaalamu wa kumalizia humpangia wasaidizi watatu au wanne wanaotangulia kwa zamu. Kila mmoja huvuta hadi nguvu zimwishie, kisha hujitoa pembeni, na wa mwisho humwachia kiongozi wake takriban mita 200 kabla ya mstari. Asiye na wasaidizi hao hulazimika kuvizia migongo ya wapinzani wake. Ni sawa na mshambuliaji wa soka asiyeletewa pasi: anaweza kufunga, lakini atafunga kwa kuokota mipira.

Timu ya Intermarché-Wanty ya Ubelgiji, aliyojiunga nayo mwaka 2021, haikuwa tajiri. Mmoja wa waliomsindikiza katika Tour ya 2024, Mholanzi Mike Teunissen, alihamia timu nyingine mwaka 2025. Baada ya msimu huo timu yenyewe iliungana na Lotto, na Girmay akaondoka ingawa alikuwa na mkataba wa hadi 2028. Kwa msimu wa 2026 alijiunga na NSN, timu iliyokuwa ikijulikana kama Israel-Premier Tech.

Hoja ya kambi ya pili, basi, ina uzito. Hata hivyo, haielezi kila kitu. Siku ya kwanza ya Tour ya 2025 mjini Lille, upepo ulilivunja kundi, na wapinzani wengi wakaachwa. Hayo ndiyo mazingira ambayo Girmay huyapenda. Siku hiyo mshindi wa hatua angevaa pia jezi ya njano, ambayo hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuivaa. Girmay alifika wa pili nyuma ya Philipsen. Baada ya wiki tatu alishika nafasi ya tatu katika orodha ya pointi, huku jezi ya kijani ikichukuliwa na Milan. Aliyekwisha hamalizi wa tatu. Lakini pia si haki kusema kwamba nafasi haikujitokeza.

Wanaosema amefikia mwisho wanapaswa pia kukumbuka habari za Mark Cavendish. Mwingereza huyo alishinda hatua nne za Tour mwaka 2016, kisha akakaa hadi 2021 bila kushinda nyingine, na wengi wakamzika kimchezo. Mwaka 2021 alishinda nne. Mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 39, alishinda ya 35 na kuweka rekodi ya wakati wote. Msimu mmoja mkavu si hati ya kifo kwa mtu wa miaka 25.

Lililo gumu zaidi kwa Girmay ni mabadiliko ya mchezo wenyewe. Milan-San Remo, mbio za karibu kilomita 300 ambazo huanza msimu wa mbio kubwa za siku moja kila Machi, zilizoeleka kuwa fursa ya watu wa kasi. Mwaka 2025 Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia katika mlima wa Cipressa, mapema kuliko ilivyozoeleka, na waliobaki naye walikuwa Van der Poel, aliyeshinda, na Filippo Ganna wa Italia. Gent-Wevelgem ya mwaka huo nayo ilichukuliwa na Mads Pedersen wa Denmark, aliyekimbia peke yake zaidi ya kilomita 50. Mbinu iliyomletea Girmay ushindi mwaka 2022, ya kukaa na walio bora na kusubiri mita za mwisho, haitoshi tena iwapo walio bora hawasubiri.

Tour nayo ina hesabu zake. Njia ya mwaka 2026, iliyotangazwa Oktoba 2025, ilipangwa kuanzia Barcelona kwa mbio za timu dhidi ya saa, na siku ya pili kurudi katika vilima vya mji huo. Kwa mpangilio huo, mlango wa jezi ya njano uliokuwa wazi Lille haukuwekwa mbele ya watu wa kasi. Jezi ya kijani ni shabaha inayofaa zaidi. Humpa thawabu anayekusanya pointi siku baada ya siku, hata katika hatua zenye vilima ambako wenye miili mizito huachwa. Hivyo ndivyo Girmay alivyoipata mara ya kwanza.

Lakini mjadala huu haumhusu mtu mmoja tu. Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Watu walijaa pembezoni mwa barabara, na wengi walitaka kumwona Girmay. Njia ile ya zaidi ya kilomita 267, yenye milima isiyokwisha, haikuwa yake hata kidogo. Pogačar ndiye aliyeshinda, na waendesha baiskeli 30 tu walimaliza. Hata hivyo, wapo waliomlaumu Girmay kana kwamba aliwanyima kitu alichowaahidi.

Lawama hizo zinaonyesha upungufu mkubwa zaidi. Mashabiki wa Ubelgiji mtu wao akishindwa, humgeukia mwingine. Mashabiki wa Afrika hawana mwingine wa kumgeukia. Timu ya Afrika Kusini iliyowapeleka Waeritrea Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus katika Tour ya 2015, ambako Teklehaimanot alivaa jezi ya mfalme wa milima, ilitoweka katika ngazi ya juu baada ya msimu wa 2021 kwa kukosa wafadhili. Girmay mwenyewe alipitia kituo cha shirikisho la baiskeli la dunia huko Aigle, Uswisi, njia ambayo hubeba vijana wachache. Wengine hukwama kwenye viza kabla hata ya kufika kwenye mstari wa kuanzia.

Vipaji si haba. Tour du Rwanda, mbio kubwa zaidi za hatua katika Afrika Mashariki, zilishindwa na Kudus mwaka 2019, Natnael Tesfatsion mwaka 2020 na 2022, na Henok Mulubrhan mwaka 2023, wote Waeritrea. Kinachokosekana ni ngazi ya katikati: mbio za kutosha nyumbani, timu zinazoweza kulipa mishahara, na mwaliko wa Ulaya usiotegemea hisani.

Kwa sababu hiyo, shabiki anayetaka kupima hali ya Girmay asihesabu mataji peke yake. Amtazame kama bado yumo katika kundi la mbele baada ya Cipressa na baada ya kile kilima kikali cha Kemmelberg katika Gent-Wevelgem. Amtazame pia kilomita moja kabla ya mstari: ana wenzake wangapi mbele yake? Akiwa na wawili, ushindi utakuja. Akiwa peke yake, hata nafasi ya tatu ni kazi kubwa, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Na wanaouliza kama Girmay amekwisha wangefanya vyema kuwauliza wakuu wa mashirikisho na wafadhili wa bara hili swali jingine: siku atakapokwisha kweli, kama wanamichezo wote wanavyokwisha, ni nani atakayekuwa amekwisha kuandaliwa?